Jani la Gimbi na Uakisi Kamili wa Mwanga

Katika mabonde ya Mlola, wilayani Lushoto, magimbi hustawi kando ya vijito, mahali ambapo udongo haukauki. Apitaye huko asubuhi hukuta matone ya maji yakibingirika juu ya majani yake kama shanga, bila kuyalowesha. Mtoto akichuma jani moja na kulitosa katika maji maangavu likiwa limesimama, huona jambo la ajabu zaidi: jani lililokuwa kijani kibichi hung'aa kama fedha, mfano wa kipande cha kioo cha kujitazamia. Akilitoa majini, rangi ya kijani hurudi papo hapo, nalo jani ni kavu kana kwamba halikuguswa na maji.

Jambo hilo limo katika vitabu vya fizikia vya shule za sekondari, ingawa jani lenyewe halitajwi. Huitwa uakisi kamili wa ndani. Wanafunzi wengi huijua fasili yake kwa moyo, tena kwa Kiingereza. Huiandika katika mtihani wakapata alama, lakini hawawezi kusema ni lini waliwahi kuliona jambo lenyewe kwa macho yao. Sababu inayotolewa mara nyingi ni uhaba wa vifaa: shule haina miche ya kioo, wala taa maalumu, wala chumba chenye giza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uakisi kamili unaweza kuonwa, na hata kupimwa, kwa jani la gimbi, beseni jeupe na kipimapembe. Aidha, jani hilo hilo litasaidia kusahihisha kosa lililozoeleka juu ya upinde wa mvua.

MWANGA UNAPOVUKA MPAKA

Hewani mwanga husafiri kwa mwendo wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya maji mwendo huo hupungua hadi karibu kilomita 225,000, na ndani ya kioo cha kawaida hadi karibu 200,000. Mwendo wa mwanga katika ombwe ukigawanywa kwa mwendo wake katika kitu fulani, jibu ni kipimo cha upindaji cha kitu hicho. Kipimo cha maji ni 1.33, cha kioo karibu 1.5, na cha almasi 2.42. Cha hewa kinakaribia sana 1.

Hapa pana neno la tahadhari. Vitabu husema kwamba mwanga hutoka katika kitu "kizito" kuingia katika kitu "chepesi". Uzito huo si ule wa mizani. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, kwa hiyo ni mepesi kuliko maji. Lakini kipimo chake cha upindaji ni karibu 1.47, yaani mwanga huenda polepole zaidi ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji. Kinachotazamwa ni mwendo wa mwanga, si uzito wa kitu.

Mwale ukifika mshazari kwenye mpaka wa vitu viwili, upande mmoja wake hutangulia kubadili mwendo, na kwa sababu hiyo mwale hupinda. Mfano wake ni mkokoteni unaoacha barabara ngumu na kuingia mchangani kwa mshazari: gurudumu linalotangulia kuingia mchangani hupungua mwendo kwanza, na mkokoteni mzima hugeuka kuelekea upande huo. Ukitoka mchangani kurudi barabarani, hugeuka kinyume chake.

Ili kupima kupinda huko, huchorwa mstari wima, yaani mstari unaofanya pembe mraba na mpaka, hata kama mpaka wenyewe umeinama. Pembe za miale hupimwa kutoka kwenye mstari huo. Mwale unaotoka majini kuingia hewani hupinda kwa kuuacha mstari wima. Kanuni yake ni hii: sini ya pembe ya hewani ni sawa na sini ya pembe ya majini mara 1.33. Kanuni hii hupewa jina la Mholanzi Willebrord Snell, aliyeigundua mwaka 1621. Lakini mwanahisabati Ibn Sahl wa Baghdad alikwisha kuitumia karibu na mwaka 984.

PEMBE YA UKOMO

Mwanafunzi mwenye majedwali ya hisabati anaweza kuifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua na kuona inamfikisha wapi:

Pembe majini digrii 10: pembe hewani digrii 13.4
Pembe majini digrii 30: pembe hewani digrii 41.7
Pembe majini digrii 40: pembe hewani digrii 58.8
Pembe majini digrii 45: pembe hewani digrii 70.1
Pembe majini digrii 48: pembe hewani digrii 81.3
Pembe majini digrii 49: hakuna jibu

Katika mstari wa mwisho, 1.33 mara sini ya digrii 49 ni 1.004. Hakuna pembe ambayo sini yake inazidi 1. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba amekosea hesabu, kumbe hesabu inasema kweli: hakuna mwelekeo wowote hewani ambao mwale huo unaweza kuufuata. Kwa kuwa hauwezi kutoka, hurudi wote ndani ya maji kama mpira uliopiga ukuta, na pembe ya kurudi ni sawa na pembe ya kufika.

Pembe ambayo mwale wa nje hulala juu ya mpaka, yaani hufanya digrii 90 na mstari wima, ndiyo pembe ya ukomo. Sini yake ni 1 kugawanywa kwa kipimo cha upindaji. Kwa maji ni digrii 48.8, kwa kioo karibu digrii 42, na kwa almasi digrii 24.4 tu. Ndiyo sababu almasi iliyochongwa vizuri humetameta: mwanga ukishaingia ndani yake hupata njia chache za kutokea.

Isidhaniwe kwamba mpaka huwa wazi kabisa kabla ya ukomo na kisha hufungwa ghafla. Sehemu fulani ya mwanga huakisiwa daima. Mwanga wa kawaida ukifika wima kwenye uso wa maji kutoka ndani, karibu sehemu 2 kwa mia hurudi. Kwa pembe ya digrii 45 hurudi karibu 13 kwa mia; kwa digrii 48 hurudi karibu 39 kwa mia; na kuanzia pembe ya ukomo hurudi zote 100. Neno "kamili" lina maana hiyo hasa. Kioo cha kujitazamia, ambacho huakisi kwa utando wa madini, hupoteza sehemu ya mwanga kila unapoakisiwa. Mpaka wa maji na hewa, ukipita ukomo, haupotezi kitu.

SIRI YA JANI

Kwa nini basi jani la gimbi hung'aa na majani mengine mengi hayang'ai? Uso wa jani hilo una vinundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vimefunikwa kwa nta. Maji hayawezi kushuka katikati ya vinundu hivyo. Hubaki yamekaa juu ya vichwa vyake, na chini yake hewa hunaswa. Jani linapozamishwa huenda limevaa shuka jembamba la hewa. Mwanga unaolifuata jani hukutana kwanza na mpaka wa maji na hewa. Ukifika kwa pembe inayozidi digrii 49, huakisiwa wote kabla ya kuligusa jani. Jicho hupokea mwanga ulioakisiwa, wala halipokei mwanga wowote uliotoka kwenye kijani cha jani.

Maelezo haya yanaweza kujaribiwa. Jani likisuguliwa kwa maji ya sabuni, shuka la hewa hutoweka na jani hulowa. Likizamishwa tena hubaki kijani kwa kila pembe. Shule iliyo mbali na magimbi inaweza kutumia kijiko cha chuma kilichofukizwa juu ya kibatari mpaka kikawa cheusi. Masizi nayo hunasa hewa, na kijiko hicho cheusi kikizamishwa majini hung'aa kama fedha.

KUPIMA PEMBE YA UKOMO

Mahitaji ni beseni jeupe lenye maji safi, kipande cha jani la gimbi, kibao chembamba chenye urefu wa kutosha na kipimapembe. Kwa kuwa utomvu wa magimbi huwasha, kila aliyeshika jani asijiguse machoni, na anawe mikono baada ya kazi.

Kipande cha jani kifungwe kwa uzi juu ya kibao, karibu na ncha moja, uso wake wa juu ukitazama juu. Ncha hiyo izamishwe, na ncha ya pili itokeze nje ya maji ili pembe kati ya kibao na uso wa maji iweze kupimwa hewani. Mwanafunzi mmoja asimame akilitazama jani kutoka juu kabisa, jicho moja likiwa limefumbwa. Mwenzake aanze na kibao kilicholala karibu sambamba na uso wa maji, kisha akiinue polepole. Mwanzoni jani huonekana kijani. Pembe ya kibao inapokaribia digrii 49, uso wa jani hubadilika na kuwa wa fedha. Hapo kibao kisimamishwe na pembe isomwe.

Kwa nini pembe ya kibao ndiyo pembe ya ukomo? Mtazamaji anatazama wima, kwa hiyo mwale unaofika jichoni mwake haupindi unapovuka uso wa maji. Kibao kikiinuliwa kwa digrii kadhaa, mstari wima wa jani nao huinama kwa digrii hizo hizo. Kwa hiyo pembe kati ya mwale na mstari wima wa jani ni sawa kabisa na mwinamo wa kibao.

Kipimo kirudiwe mara 5 na wastani utafutwe. Kisha 1 igawanywe kwa sini ya wastani huo ili kupata kipimo cha upindaji cha maji. Aliyepata digrii 47 atapata 1.37, aliyepata digrii 51 atapata 1.29. Tofauti hizo si aibu. Mwanafunzi aliyepata 1.37 kwa mkono wake na akaweza kueleza kosa lilitoka wapi amejifunza fizikia zaidi ya yule aliyenakili 1.33 kutoka ubaoni.

JANI LILILOLALA, NA UPINDE WA MVUA

Baadhi ya wanafunzi watalilaza jani sambamba na uso wa maji, wainamishe vichwa vyao huku na huku, wasiuone ule mng'ao wa fedha kwa pembe yoyote. Wasiseme kwamba jaribio limeshindwa, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa.

Mwanga unaotoka hewani kuingia majini hauwezi kamwe kufanya pembe inayozidi digrii 48.8 na mstari wima, hata ukiingia kwa mshazari mkubwa namna gani. Jani likilala sambamba na uso wa maji, mwale hulifikia kwa pembe ile ile uliyoipata ulipoingia. Kwa hiyo hauwezi kuuvuka ukomo. Mwanga ulioweza kuingia kwa uso mmoja huweza pia kutoka kwa uso mwingine uliolala sambamba nao. Ili uakisi uwe kamili, uso wa pili sharti uwe umeinama kuliko wa kwanza. Mche wa kioo hufanya kazi kwa sababu nyuso zake hazikulala sambamba.

Fikra hiyo hiyo ndiyo inayotatua suala la upinde wa mvua. Husemwa mara nyingi, hata darasani, kwamba ndani ya tone la mvua mwanga huakisiwa kikamilifu. Sivyo. Tone dogo ni tufe. Mwale ukiingia katika tufe hufika upande wa pili kwa pembe ile ile uliyoipata ulipoingia, kwa sababu nusu-vipenyo viwili vinavyochorwa hadi kwenye ncha za mwale huo hufanya pembetatu yenye pande mbili sawa. Miale inayojenga upinde wa kawaida huwa na pembe ya karibu digrii 40 ndani ya tone, chini ya ukomo wa digrii 48.8. Sehemu kubwa ya mwanga hupenya na kwenda zake nyuma ya tone. Ni sehemu ndogo tu inayorudi kumfikia mtazamaji. Upinde wa mvua unaosimama juu ya misitu ya Usambara baada ya manyunyu umejengwa kwa masalio.

KIDOLE KWENYE BILAURI

Jaribio jingine linahitaji bilauri ya maji tu. Mtu akiishika bilauri na kutazama kutoka juu, kupitia maji, kuelekea ubavu wake wa ndani, ubavu huo huonekana kama fedha, na vidole vilivyo nyuma yake havionekani vizuri. Akivilowesha vidole na kubana kioo kwa nguvu, alama za ngozi yake hutokea wazi, mstari kwa mstari. Mahali ngozi inapogusa kioo hapana tena hewa, na sharti la uakisi kamili limevunjika. Katika mifereji midogo iliyo kati ya mistari ya ngozi hewa ingalipo, na fedha ingalipo.

Kwa kweli mwanga unaoakisiwa kikamilifu huchungulia kidogo upande wa pili kabla ya kurudi, kwa umbali unaokaribiana na urefu wa wimbi lake, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu kikikaribia mpaka kiasi hicho, huweza kuunyaka mwanga huo.

Jambo hili dogo liliwahi kuwa kikwazo kikubwa kwa wahandisi. Tangu mwaka 1841, Daniel Colladon alipoonyesha huko Geneva kwamba mwanga hufuata mkondo wa maji unaopinda, ilijulikana kwamba mwanga unaweza kuongozwa kwa uakisi wa ndani. Vilevile uzi mwembamba wa kioo ungeweza kuuongoza. Lakini uzi mtupu ukiguswa na mafuta, vumbi au uzi mwenzake, mwanga huvuja pale pale. Dawa yake ilikuwa kuufunika uzi kwa tabaka la kioo kingine chenye kipimo cha upindaji kidogo zaidi, ili mpaka uwe ndani, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Kwa nyuzi za namna hiyo, mwaka 1957 Basil Hirschowitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha chombo kinachopinda cha kutazama ndani ya tumbo la mgonjwa bila kumpasua.

Ilibaki taabu moja. Uakisi kamili haupotezi kitu, lakini kioo chenyewe hunyonya mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba lawama ni ya uchafu uliomo katika kioo, na kwamba ikiwa sehemu 1 tu kwa mia ya mwanga ingesalia baada ya kilomita 1, mawasiliano ya simu kwa njia hiyo yangewezekana. Kiwango hicho kilifikiwa nchini Marekani mwaka 1970. Nyuzi bora za leo hubakiza zaidi ya 95 kwa mia kwa kila kilomita. Mwaka 2009 Kao alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi ukiifikia Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ulianza kujengwa ili kupeleka nyuzi hizo mikoani. Katika nyuzi hizo vipimo vya kioo cha ndani na cha nje hutofautiana kwa chini ya sehemu 1 kwa mia, hivyo pembe ya ukomo huzidi digrii 80, na mwanga husafiri karibu sambamba na uzi. Nyuzi za masafa marefu huwa na kiini cha karibu sehemu 9 za elfu za milimita. Kwa wembamba huo hesabu kamili hutaka nadharia ya mawimbi, na picha ya mwale unaogonga kuta ni ya kurahisisha tu. Lakini sharti la msingi ni lile lile: ndani mwanga uende polepole kuliko nje.

Mwanafunzi anayesoma habari za dunia kwa simu hutumia sharti hilo kila siku bila kuliona. Katika beseni la maji anaweza kuliona, na kulipima.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Beseni likijazwa mafuta ya kupikia badala ya maji, fedha itaanza kuonekana kwenye mwinamo wa digrii ngapi, ikiwa shuka la hewa litabaki?

2. Samaki aliye katika bwawa tulivu anatazama juu. Kwa nini huiona mbingu yote ndani ya duara moja, na nje ya duara hilo anaona nini?

3. Mwanafunzi anadai kwamba mwanga unaweza kuakisiwa kikamilifu ukitoka hewani kuingia majini. Tumia kanuni ya sini kuonyesha kosa lake.